Kifuko cha Pembeni: Historia ya Hofu ya Saratani katika Uvimbe wa Kuzaliwa wa Mfuko wa Chakula

Utangulizi

Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni, shangazi yangu alipimwa altrasaundi kwa sababu ya maumivu ya tumbo yaliyokuwa yakimjia kila alipokula vyakula vya mafuta. Mawe ya nyongo yalionekana, kama ilivyodhaniwa. Lakini kando ya mfuko wa chakula kilionekana pia kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikitafuta: kifuko cha mviringo kilichojaa majimaji, chenye ukubwa wa ndimu. Baada ya vipimo zaidi, daktari alimweleza kwamba yaelekea alizaliwa nacho. "Mama, umeishi nacho miaka 52," alimwambia, "lakini tukiingia kushughulikia hayo mawe, ningependa tukitoe na hicho."

Shangazi si mtu wa kukubali jambo bila kuuliza. Alisema: kama hakijanisumbua miaka yote hii, cha nini kukikata? Daktari akajibu kwamba vifuko vya aina hii vimewahi kugeuka saratani. Shangazi akauliza tena: kwa watu wangapi, kati ya wangapi? Daktari akamwambia ukweli: "Hilo hakuna anayelijua."

Nyumbani, jibu hilo lilizua mjadala wa wiki nzima. Bibi alisema kitu alichokuumba nacho Mungu hakitolewi mwilini bila sababu. Baba alisema saratani haingoji sababu. Mimi nilinyamaza kwa kuwa sikuwa na la kusema, ila swali la shangazi nilikwenda nalo maktaba. Nilidhani ni swali la udaktari tu. Kadiri nilivyosoma, niliona kwamba ni swali la historia pia: maarifa haya yalitoka wapi, nani aliyaandika, na ni wagonjwa gani ambao hawakuandikwa?

Insha hii inafuatilia jinsi madaktari walivyoufahamu uvimbe huu tangu karne ya 18, na jinsi hofu ya saratani ilivyoingia katika maelezo yake kuanzia mwaka 1955. Hoja yangu ni kwamba maarifa haya yamejengwa kwa kisa baada ya kisa, si kwa hesabu ya watu wengi. Kwa hiyo yanatuambia kwa uhakika kwamba jambo linaweza kutokea, lakini hayatuambii hutokea mara ngapi. Tofauti hiyo ndiyo aliyokumbana nayo shangazi yangu.

Kifuko chenyewe ni nini

Njia ya chakula huanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Mara chache sana, mtoto huzaliwa na kipande cha ziada cha njia hiyo, kilichoshikamana na sehemu fulani ya ile ya kawaida. Madaktari hukiita urudufu. Kinaweza kuwa kama bomba, lakini mara nyingi huwa kifuko kilichofungwa pande zote. Huonekana zaidi kwenye utumbo mwembamba. Vile vya mfuko wa chakula ni vichache hata miongoni mwa vichache hivyo, chini ya kimoja katika kila kumi, na vingi hukaa kwenye ukingo mrefu wa mfuko huo, yaani upande wake uliobinuka.

Kifuko hiki si jipu wala si puto la maji. Kina ukuta wa misuli na utando wa ndani kama ule wa tumbo. Utando huo ukiwa wa aina ya mfuko wa chakula, hutoa ute na pengine asidi, kama utoavyo ule wa kawaida, lakini vitu hivyo havina pa kutokea. Ndiyo maana kwa watoto wachanga kifuko huweza kuvimba na kuziba njia ya chakula, mtoto akawa anatapika kila anachonyonya. Asidi ikikaa humo inaweza kutoboa vidonda vinavyotoka damu. Wagonjwa wengi hugunduliwa wakiwa bado wadogo kwa sababu ya dalili hizo. Wachache hukua nacho bila kujua, kama shangazi.

Kutoka kioja hadi ugonjwa wenye jina

Maandishi ya kwanza yanayotajwa na wengi ni ya mwaka 1733. Katika mkusanyo wa insha za kitabibu uliochapishwa Edinburgh, Uskoti, Calder alieleza habari za watoto wawili waliozaliwa na matumbo yasiyo na umbo la kawaida. Zama hizo daktari hakuwa na namna ya kumfungua mtoto aliye hai na kumponya, kwa hiyo aliyoyajua aliyajua kwa kupasua maiti. Kisa cha namna hii kilihifadhiwa kama kioja: kitu cha kushangaza, chenye thamani kwa kuwa ni adimu, si kwa kuwa kinaweza kumsaidia mgonjwa atakayefuata.

Mwaka 1884 Reginald Fitz wa Boston, Marekani, alitumia neno urudufu na kujaribu kueleza chanzo chake. Aliona kwamba vifuko hivi ni mabaki ya mrija ambao, mimba ikiwa changa, huunganisha utumbo wa kiinitete na kifuko cha kiini. Maelezo hayo yalifaa kwa baadhi ya vifuko vya utumbo mwembamba, kwa kuwa mrija ule hushikana na utumbo. Hayakueleza vizuri kwa nini kifuko kama hicho kiote kwenye mfuko wa chakula, mbali na mrija huo.

Kwa miaka zaidi ya hamsini baada ya hapo, kila mwandishi aliita anachokiona kwa jina lake. Wengine walisema uvimbe wa utumbo, wengine utumbo pacha, wengine kichomozo kikubwa. Mambo yakiwa na majina mengi hayahesabiki pamoja. Aliyeona kimoja Boston hakujua kwamba mwenzake wa London ameona kitu kilekile.

Aliyeleta utaratibu ni William Ladd, mpasuaji wa hospitali ya watoto ya Boston, ambaye wengi humwona kuwa mwasisi wa upasuaji wa watoto nchini Marekani. Mwaka 1937 alipendekeza vifuko vyote hivyo viitwe kwa jina moja, urudufu wa njia ya chakula, na akataja alama tatu za kuvitambua: ukuta wa misuli laini, utando wa ndani unaofanana na ule wa njia ya chakula, na kushikamana na sehemu fulani ya njia hiyo. Mwaka 1940 yeye na mwanafunzi wake Robert Gross walichapisha makala kuhusu namna ya kuvipasua. Baadaye, mwaka 1959, Rowling wa Uingereza aliweka masharti mahususi kwa vifuko vya mfuko wa chakula: ukuta wa kifuko uungane na ukuta wa mfuko, misuli yake iendelee na misuli ya mfuko, na ndani mwake kuwe na utando wa aina mojawapo ya njia ya chakula.

Kazi ya Ladd inaonekana ndogo, kwani aliunganisha majina tu. Lakini kwa mwanahistoria ni hatua kubwa. Bila jina moja visa vilivyotawanyika visingekusanywa, na bila kukusanywa hakuna ambaye angeona mfanano wowote, ukiwemo ule wa saratani.

Kuhusu chanzo, mjadala haujaisha. Mwaka 1907 Lewis na Thyng walionyesha vichomozo vidogo kwenye utumbo wa viinitete vya nguruwe, sungura na binadamu, ambavyo kwa kawaida hutoweka. Mwaka 1944 Bremer alisema utumbo hupitia kipindi ambapo uwazi wake huzibika kisha hufunguka upya, na kwamba kosa katika kufunguka huko laweza kuacha njia mbili. Mwaka 1960 Bentley na Smith walihusisha baadhi ya visa na kupasuka kwa uzi wa tishu unaoongoza kujengwa kwa uti wa mgongo, kwa sababu baadhi ya watoto hawa wana kasoro za pingili pia. Hakuna nadharia moja inayoeleza visa vyote.

Mwaka 1955: saratani yaingia katika masimulizi

Katika kizazi cha Ladd na Gross, hofu ilikuwa kuziba, kutoboka na kutoka damu. Mgonjwa alikuwa mtoto, na swali la mpasuaji lilikuwa je, mtoto huyu atavuka wiki hii? Tatizo lao kubwa lilikuwa kwamba kifuko na njia ya chakula mara nyingi hutumia ukuta mmoja na mishipa ileile ya damu. Kukitoa chote kulimaanisha pengine kutoa na sehemu nzuri. Pale ilipokuwa hatari, baadhi ya wapasuaji walitoboa dirisha kati ya kifuko na mfuko wa chakula ili majimaji yapite, kifuko chenyewe kikabaki. Mtoto alipona, akaenda nyumbani, na kisa kikahesabiwa kuwa kimefanikiwa.

Mwaka 1955 jarida la Annals of Surgery lilichapisha ripoti ya Mayo, McKee na Anderson kuhusu saratani iliyoanzia ndani ya urudufu wa mfuko wa chakula. Ripoti hiyo hutajwa kuwa ya kwanza ya aina yake. Tangu hapo visa vingine viliongezwa kimoja kimoja, kwa mapengo ya miaka mingi. Coit na Mies waliandika kimoja mwaka 1992. Karibu wote walikuwa watu wazima, na wengi saratani yao iligunduliwa imekwisha kusambaa.

Kwa nini utando huo ugeuke? Jibu linalotolewa ni la kukisia, ingawa lina mantiki. Utando wa kifuko ni utando hai: seli zake hufa na kuzaliwa upya kama za tumbo la kawaida. Ute na asidi vikikwama humo kwa miongo, utando huumia na kujitengeneza tena na tena, na kila kujitengeneza ni nafasi ya kosa. Tena kifuko kilichofungwa hakimpi mwenyewe onyo. Saratani ya mfuko wa chakula huweza kumfanya mtu atapike damu au ashindwe kula. Ile iliyo ndani ya kifuko hukua kimya.

Baada ya visa hivyo, tafsiri ya upasuaji wa zamani ilibadilika. Dirisha lililoonekana kuwa ushindi mwaka 1940 sasa lilionekana kuwa limeacha utando mahali pake. Ushauri ukawa: kitoe chote ikiwezekana; na ikiwa ukuta wa pamoja hauwezi kutenganishwa, angalau bandua utando wa ndani. Mbinu ya kubandua utando Wrenn alikuwa ameieleza mwaka 1962 kwa ajili ya urudufu mrefu wa utumbo mwembamba.

Sehemu isiyo na asili

Hapa ndipo swali la shangazi linaporudi. Kwa lugha ya hesabu, sehemu huwa na kiasi juu na asili chini. Ripoti za saratani zinatupa kiasi: visa vichache vinavyoweza kuhesabika bila shida. Asili, yaani idadi ya watu wote wanaoishi na kifuko hiki, haipo. Sababu ni nne, na zote ni za kihistoria zaidi kuliko za kibiolojia.

Kwanza, kifuko kisichosumbua hakionekani. Kabla ya altrasaundi na CT, ambayo ilitumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1971, mtu mwenye kifuko kimya aliishi nacho na kuzikwa nacho.

Pili, hata kikionekana, majarida hupenda la ajabu. Kifuko kilichotolewa bila tatizo si habari. Kilichokutwa na saratani ni habari. Kwa hiyo mtu akihesabu saratani ndani ya visa vilivyochapishwa tu, atapata hatari kubwa kuliko ilivyo.

Tatu, watoto wengi hupasuliwa mapema. Hao hawawezi tena kutuambia kifuko chao kingekuwaje wakiwa na miaka 50.

Nne ni sababu inayovuta upande mwingine. Saratani iliyokomaa huharibu ukuta wa kifuko ilimoanzia. Mgonjwa wa namna hiyo huweza kuandikwa kuwa ana saratani ya kawaida ya mfuko wa chakula au ya kongosho, na asili ya ugonjwa wake ikapotea. Kwa hiyo visa vya kweli huenda vikawa vingi kuliko vilivyoandikwa.

Katika somo la mbinu za utafiti tunafundishwa kuuliza chanzo chochote: nani alikiandika, kwa ajili ya nani, na nani hakupata nafasi ya kuandikwa? Tumezoea kuliuliza swali hilo kwa barua za wamisionari na taarifa za magavana. Ripoti ya mgonjwa mmoja katika jarida la upasuaji inastahili kuulizwa vilevile.

Pale ambapo hesabu ilipatikana

Kuna ugonjwa jirani unaoonyesha kwamba hali ingeweza kuwa tofauti. Ni uvimbe wa kuzaliwa wa mrija wa nyongo. Historia yake inafanana na hii kwa namna ya kushangaza. Abraham Vater aliuelezea mwaka 1723, Douglas akatoa maelezo kamili ya mgonjwa mwaka 1852, na mwaka 1944 Irwin na Morison waliandika kisa cha saratani ndani yake. Huko nako wapasuaji walikuwa wakiunganisha uvimbe na utumbo ili nyongo ipite, na uvimbe wenyewe wakiuacha.

Tofauti ni kwamba ugonjwa huu ni wa kawaida zaidi Asia ya Mashariki, hasa Japani. Hospitali za huko zilipata wagonjwa wa kutosha kuwalinganisha: waliotolewa uvimbe na walioachiwa. Mwaka 1959 Alonso-Lej na wenzake walikusanya visa na kuvipanga katika aina tatu, mwaka 1969 Babbitt alieleza jinsi majimaji ya kongosho yanavyorudi na kuuchubua mrija wa nyongo, na mwaka 1977 Todani na wenzake wa Japani waliupanua mpangilio wa aina hizo. Ilidhihirika kwamba hatari ya saratani ni kubwa na huongezeka na umri. Katika miaka ya 1970 mtindo wa kuacha uvimbe ulianza kukataliwa, na leo kuutoa ni kanuni. Daktari wa ugonjwa huo, akiulizwa "wangapi kati ya wangapi", ana la kujibu.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Rejista ya Saratani ya Kampala ilianzishwa mwaka 1951, miongoni mwa za kwanza barani Afrika. Mwaka 1957, Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago, aliitwa kumwona mtoto aliyevimba mataya. Baadaye alimwona mwingine Jinja, akakataa kuwachukulia kuwa vioja viwili. Alirudi kwenye kumbukumbu za hospitali, akachapisha makala mwaka 1958, akatuma maswali kwa hospitali nyingi za Afrika, na mwaka 1961 akasafiri pamoja na Ted Williams na Cliff Nelson takribani kilomita 16,000 kwa gari kuukuu, hospitali kwa hospitali, akiuliza nani ameuona uvimbe huu na nani hajauona. Majibu ya "hatujauona" yalikuwa na thamani sawa na ya "tumeuona", kwa sababu ndiyo yaliyomwezesha kuchora ramani. Uvimbe wa Burkitt hauhusiani kitabibu na kifuko ninachokijadili. Ninautaja kwa sababu unaonyesha kwamba, hata kwa njia chache, mtu anaweza kuitafuta asili.

Hitimisho

Je, daktari wa shangazi alikosea kushauri upasuaji bila kuwa na hesabu? Sidhani. Hoja yake haikuhitaji namba kamili. Alijua kwamba saratani hii inaweza kutokea, kwamba ikitokea hujulikana imechelewa, na kwamba picha peke yake haitofautishi vizuri kifuko na aina nyingine za uvimbe. Hata majimaji yakivutwa kwa sindano, vipimo vya alama za saratani huweza kupanda katika kifuko kisicho na saratani yoyote. Kwa upande wa pili, gharama ya kukitoa imepungua tangu upasuaji wa matundu madogo uenee, na shangazi alikuwa anapasuliwa kwa mawe vyovyote vile. Kwa mgonjwa mwingine, mzee zaidi au mwenye moyo dhaifu, mizani ileile ingeweza kuelemea upande wa kusubiri na kupima mara kwa mara. Bibi naye hakuwa mjinga. Alikuwa anadai sababu, na sababu ilikuwepo, ila ilikuwa sababu ya aina ambayo haina namba.

Historia inatufundisha kutochanganya mambo mawili. Ripoti ya mwaka 1955 na zilizofuata ni ushahidi wa kweli, na anayezipuuza kwa kuwa ni chache anakosea. Lakini anayezigeuza kuwa asilimia na kumtisha nazo mgonjwa anakosea pia, kwa kuwa anajaza pengo la kumbukumbu kwa hofu yake mwenyewe. Jibu la uaminifu lilikuwa lile alilolitoa daktari: inawezekana, mara ngapi, hakuna anayejua, nami nakushauri hivi kwa sababu hizi.

Shangazi alikubali. Kifuko kilitolewa pamoja na mawe, kikapelekwa maabara. Majibu yalisema kina utando wa aina ya mfuko wa chakula na hakina saratani. Siku ya kufuata majibu nilimsindikiza, nikamwuliza daktari kama atakiandika mahali. Alitabasamu, akasema kifuko kisicho na jambo hakuna jarida litakalokitaka, kisha akaliweka jalada kabatini pamoja na mengine.

Kwa hiyo shangazi yangu, mzima wa afya, hayumo katika hesabu yoyote. Yeye ni mmoja wa watu wa chini ya mstari, ambao bila wao ile sehemu haiwezi kukamilika. Kama hospitali zetu zingeweka rejista ndogo ya vivimbe vya kuzaliwa, vyenye saratani na visivyo nayo, mgonjwa atakayeuliza swali la shangazi miaka 30 ijayo huenda akapewa namba.